REDIO YA BABU INAKOROMA? USIIUZE, USIITUPE, ISIKILIZE KWANZA!

 Wiki hii tuna kazi. Tunaweka pembeni mambo ya mavazi, mapenzi na nani kamfumania nani, tunaingia kwenye kitu ambacho vijana wengi wa mjini wanakiona takataka: redio ya zamani. Siyo ile ya plastiki ya mkulima, hapana. Nazungumzia ile ya mbao, nzito kama gunia la mahindi, ambayo ukiiwasha unasubiri nusu dakika nzima ndipo itoe sauti. Ile ya valvu.

Nimepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa Mpanda mjini, na kwa kuwa ni fupi naiweka hapa:

"Kaka, habari za kazi. Mimi nakaa Mpanda lakini babu yangu yuko Mwese, kule milimani. Ana redio kubwa ya mbao yenye jicho la kijani, na ndani ina vitaa vya kioo. Ilikaa darini miaka mingi. Juzi tumefunga sola na inveta, nikaiwasha, inakoroma na kukwaruza tu, stesheni haishiki hata moja. Babu anasema niiache, imechoka kama yeye. Sasa wamekuja jamaa wawili wanataka kuinunua kwa mamilioni, ila kwanza tutoe laki mbili za kupima madini yaliyomo ndani. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: matapeli, ugonjwa wa redio na babu. Nitakujibu yote, lakini mawili ya haraka fanya sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. La kwanza, chomoa hiyo redio kwenye umeme. La pili, laki mbili zikae mfukoni.

MADINI GANI HAYO?

Hao jamaa wawili hawajaanza leo wala hawajaanzia Katavi. Wanachokitafuta wanakiita zebaki nyekundu, eti imo ndani ya redio na televisheni za zamani, eti gramu chache tu unajenga ghorofa. Uvumi huu umezunguka dunia nzima. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu waligombania vyerehani vikuukuu vya Singer kwa bei za ajabu kwa sababu hiyo hiyo, wakiamini sindano zake zina zebaki nyekundu. Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki, ambao kazi yao ni kufuatilia vitu vya hatari vya namna hiyo, walishasema mwaka 2004 kwamba kitu hicho hakipo. Hakipo, siyo kwamba ni adimu.

Sasa ndani ya valvu kuna nini? Hamna kitu! Na hiyo ndiyo siri yake. Hewa yote imenyonywa, na katikati kuna waya unaopata moto pamoja na vibati vidogo vinavyouzunguka. Mwingereza John Ambrose Fleming ndiye aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza kibati cha tatu mwaka 1906, ndipo valvu ikaweza kuikuza sauti. Lile doa linalong'aa kama kioo kwa juu, ambalo matapeli hulionyesha kwa kidole wakisema "unaona zebaki hiyo", ni rangi ya metali iitwayo bariamu. Kazi yake ni kunyonya hewa kidogo iliyobaki.

Na doa hilo ni kipimo cha bure kwako. Likiwa linang'aa kama fedha au lina weusi wa kioo, valvu bado imefungika vizuri. Likigeuka jeupe kama unga, hewa imeingia, valvu imekufa. Kwa hiyo tapeli kakuonyesha mahali pa kupimia uzima wa redio bila mwenyewe kujua. Mshukuru, kisha mfungie mlango.

KWA NINI KITU HIKI KINA THAMANI MWESE

Vijana wa Dar, Mwanza na Arusha huenda mnauliza Mwese ni wapi. Ni milimani, magharibi ya Mpanda, upande wa Ziwa Tanganyika, leo ni wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi huko ni karibu kilomita 1,000.

Katikati ya miaka ya 1960 Mwese ilifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi wa Rwanda, wengi wao wakiwa wamepitia Kongo kwanza. Serikali, UNHCR na shirika la kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, ndio waliowapokea. Watu walikata msitu, wakalima, wakazaa. Mwaka 1980 serikali ikawafungulia wakimbizi wa Kinyarwanda mlango wa uraia, na leo wajukuu zao ni Watanzania kama mimi na wewe, tunabishana nao Simba na Yanga.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa enzi zile. Umeondoka kwenu na mzigo wa kichwani. Barua inachukua miezi, kama inafika. Simu hamna. Gazeti likifika ni la mwezi uliopita. Kitu pekee kinachovuka mlima, msitu na mpaka bila kuulizwa pasi ni sauti ya redio. Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa kusikia tu, wazee wengi walijua Azimio la Arusha mwaka 1967, na vita vya Idi Amin mwaka 1978. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nchi nzima, wakachimba vyoo na kusafisha visima.

Ndiyo maana mzee akikwambia redio imechoka kama yeye, hazungumzii mbao. Kwa hiyo tuitazame kwa heshima, halafu tuitengeneze.

KABLA HUJACHOMEKA TENA

Hapa sitanii hata kidogo. Redio ya valvu siyo redio ya betri mbili. Ndani yake kuna umeme wa volti 200 hadi 300, na mwingine hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa. Unaua. Chini ya ile chasisi ya bati ni kwa fundi peke yake. Wewe kazi yako ni ya nje, na ya nje ni nyingi tu.

Jambo la kwanza ni kujua redio yako ni ya kabila gani. Chomoa plagi, subiri kama nusu saa, fungua ubao wa nyuma, soma herufi ya kwanza iliyoandikwa kwenye valvu. Kwa redio za Ulaya, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, herufi hiyo inasema kila kitu.

Zikianza na E, mfano ECH81 au EL84, valvu hizo zinataka volti 6.3 na kwa kawaida redio ina transfoma yake. Hii ndiyo salama zaidi kuliko zote.

Zikianza na U, mfano UCH81 au UL84, kaa chonjo! Nyingi za kabila hili hazina transfoma ya kukutenga na umeme. Bati lote la ndani linaweza kuwa na umeme wa ukutani, na hata skrubu ya kitufe cha volyumu inaweza kukurusha. Usiiguse ikiwa wazi, usichomeke kitu chochote nyuma yake, ipeleke kwa fundi anayeijua.

Zikianza na D, mfano DK96 au DL96, hiyo ni redio ya betri. Inataka volti 1.5 hivi ya kuwasha nyaya za valvu, na betri nyingine kubwa ya volti 90 hivi ya kufanyia kazi. Ukiichomeka ukutani umeiua kwa sekunde moja. Redio za ukoo huu zilikuwa nyingi vijijini kabla ya transista. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1949 walianza kuuziwa moja iliyofungwa ndani ya sufuria ya alumini, kweli kabisa, sufuria! Bei ilikuwa pauni 5, betri yake shilingi 25 pembeni, na ilidumu kama masaa 300.

Baada ya hapo tazama nyuma kama kuna kibao cha kuchagua volti: 110, 125, 220, 245. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo weka kwenye 240 au 245 kama ipo. Kama kimewekwa 110, ashukuriwe Mungu hukuichoma.

Halafu redio iliyolala miaka mingi isiamshwe kwa kibao. Mafundi wanaojua huiwasha mara ya kwanza kupitia globu ya wati 60 au 100, zile za zamani za waya, iliyofungwa kwenye njia moja ya umeme. Globu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mambo mazuri. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ndani kuna kitu kimegusana. Inachomolewa, inafunguliwa mezani. Globu imeokoa transfoma, na transfoma ndiyo ghali.

REDIO INAUMWA, AU HEWA NDIYO IMEKUFA?

Mshikaji wangu mmoja alisumbua fundi wiki nzima kwa redio ambayo ilikuwa nzima. Alikuwa anatafuta stesheni ya FM. Redio nyingi za valvu zina masafa ya kati na masafa mafupi, basi. Stesheni karibu zote unazozipenda ziko FM. Hata ukizungusha mpaka kidole kiote sugu, hazimo humo.

Zaidi ya hapo, stesheni nyingi za masafa mafupi zimezimwa. Deutsche Welle ilikuwa na mitambo yake Kigali tangu miaka ya 1960, kwa watu wa ukanda wetu huo ulikuwa mtambo wa jirani. Machi 2015 ikafungwa. Kwa hiyo pale babu alipozoea kuegesha mshale, leo huenda hamna mtu nyumbani. Lakini hewa haijakuwa tupu, bado yapo mashirika ya kimataifa yanayorusha masafa mafupi kuelekea Afrika. Yanataka kuviziwa tu.

Na kuvizia kuna saa zake. Masafa ya kati mchana hayafiki mbali, jua linayameza huko juu angani. Usiku yanadunda angani na kurudi chini, ndipo unasikia nchi ambayo hukuitarajia. Masafa mafupi nayo yana zamu: usiku na alfajiri jaribu mita 60, 49 na 41, mchana jaribu mita 25, 19 na 16. Redio za zamani zimeandikwa mita, wakati siku hizi wanatangaza kwa megahezi. Usichanganyikiwe. Chukua 300 gawanya kwa megahezi, unapata mita. Stesheni ya megahezi 6 iko mita 50. Ya megahezi 15 iko mita 20. Hesabu ya darasa la sita hiyo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki: kaa nayo saa 2 au saa 3 usiku, siyo saa 7 mchana. Usiihukumu redio mchana.

WAYA WA NJE

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapona bila fundi. Redio hizi zilitengenezwa zikitegemea antena ya nje. Vijana wanaichomeka, wanaona tundu la nyuma lenye alama ya antena, wanalipuuza. Sasa ishike stesheni kwa miujiza?

Tafuta waya wa shaba wa mita 10 hadi 20. Uvute kutoka dirishani hadi kwenye mti au mlingoti, juu kadiri unavyoweza, na kila mwisho uufunge na kitu kisichopitisha umeme, hata kipande cha plastiki ngumu. Usiupitishe juu wala chini ya nyaya za umeme, wala karibu yake. Upepo ukiuangusha juu ya waya wa umeme, tunakuja kukuzika. Tundu la pili ni la ethi: waya uende kwenye chuma kilichopigwa chini mahali penye unyevu. Kama redio yako ni ya herufi U, waya wowote, wa antena au wa ethi, aunganishe fundi tu.

Mwese ni mlimani, hapo umebahatika, maana mawimbi hayajifichi nyuma ya kilima. Lakini mlima huo huo unaita radi. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, utasikia mikwaruzo ya vipande vipande, kra, kra, kra. Hiyo siyo redio mbovu, ni radi za mbali. Zikisogea, chomoa antena, itupe nje ya dirisha, chomoa na umeme. Fanya hivyo kabla radi haijafika kijijini.

Kama redio ina jicho la kijani, umepata daktari wa bure. Jicho hilo linajifunga kadiri stesheni inavyoingia kwa nguvu. Zungusha mshale polepole. Jicho likicheza lakini sauti haitoki, mawimbi yanaingia, ugonjwa uko nyuma, kwenye upande wa sauti au spika. Jicho lisipocheza kabisa usiku, na antena ipo, ugonjwa uko mbele, kwenye kunasa mawimbi. Likiwa limefifia sana, hilo ni uzee tu, macho ya kijani huchoka kabla ya masikio.

MAKELELE YA NYUMBANI

Mdogo wangu wa Mpanda, nadhani hapa ndipo penye nusu ya tatizo lako. Umesema sola na inveta. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi umeme laini, zinatoa umeme wa kukatakata, na ule mkatokato unaingia kwenye redio kama kelele. Hata chaja ya simu, taa za LED, king'amuzi na kile kiboksi cha kudhibiti sola vinapiga kelele ambazo sikio halisikii lakini redio ya masafa ya kati inazisikia vizuri sana. Redio hizi zilitengenezwa enzi ambazo nyumba ilikuwa na globu mbili na pasi.

Kipimo chake ni rahisi. Azima redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati, iwashe, tembea nayo nyumba nzima. Karibu na inveta itapiga kelele kama kikaango cha samaki. Zima kitu kimoja kimoja, sikiliza. Ukishampata mwizi, msogeze mbali au mzime wakati babu anasikiliza.

Na umeme wenyewe: redio ya valvu tano au sita inakula wati 40 hadi 60. Kwa masaa matatu ya jioni ni kama wati 150 kwa saa moja, betri nzuri ya sola inamudu. Ila inveta ya umeme wa kukatakata inaipasha moto transfoma na kuongeza mkoromo. Ukiweza, tumia inveta ya umeme laini, au itoe redio ikajaribiwe mahali penye umeme wa gridi kabla ya kusema ni mbovu.

INALIAJE?

Baada ya hayo yote, kama bado, basi sikiliza inavyolia, kila kilio kina maana yake.

Inakoroma mmm mfululizo, hata ukipunguza volyumu mpaka mwisho: kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa redio zote za zamani. Usiendelee kuiwasha, zinaweza kuunguza vingine.

Inakwaruza unapozungusha volyumu tu: uchafu ndani ya volyumu. Inakwaruza unapobadilisha masafa: swichi ya masafa ina kutu, inataka dawa ya kusafishia swichi, siyo mafuta ya kula! Inakwaruza mahali pamoja tu unapozungusha mshale: zile bati nyembamba zinazoingiana kwenye kitafuta stesheni zinagusana. Fundi anazitenga kwa mkono mwepesi.

Masafa ya kati inashika, masafa mafupi kimya: valvu ya mbele, ile ya kina ECH81, imechoka. Mawimbi mafupi ndiyo magumu kwake, huanza kuyaacha hayo.

Sauti nzito, imeumia, kama mtu ana mafua, na inazidi kuharibika ikipata moto: kuna kapasita ndogo ya karatasi inayovujisha umeme kwenda kwenye valvu ya mwisho, ile ya EL84 na ndugu zake. Ukiona valvu hiyo bati lake la ndani linawaka jekundu, chomoa palepale.

Mshale hausogei lakini kitufe kinazunguka: uzi umekatika. Ugonjwa wa uzi tu, siyo wa redio.

Valvu moja haiwaki, nyingine zinawaka: kwa redio za herufi E, hiyo moja ndiyo imeungua. Kwa zile za U zimepangwa kama taa za Krismasi, moja ikifa zote zinazima.

Stesheni moja inatokea mahali pawili kwenye masafa mafupi: hapo hapana ugonjwa. Ndivyo zilivyo.

Kuna jaribio moja tamu. Redio nyingi nyuma zina tundu la santuri, limechorwa alama ya sahani. Kama yako ni ya herufi E yenye transfoma, fundi anaweza kukuungia waya wa kuchomeka simu hapo, simu ikiwa haiko kwenye chaja. Wimbo ukitoka safi, basi upande wa sauti ni mzima, tafuteni mbele. Na usiku ambao hewa ni mbaya, babu anapata zilipendwa zake kwa spika ya mbao. Hamna spika ya kisasa ya bei hiyo itakayompita kwa ule uzito wa sauti.

UKIFIKA KWA FUNDI

Fundi wengi wa leo ni wa simu na televisheni. Siyo kosa lao. Kabla ya kumwachia, muulize swali moja: "Utaanza na nini?" Akisema ataanza na kapasita za karatasi na za kuchuja, huyo anajua. Akichomoa bisibisi na kuanza kuzungusha viskrubu vya kwenye vikopo vya bati, mpokonye redio ukimbie! Viskrubu hivyo ndivyo vilivyoipanga redio kusikia, akivichezea bila kipimo, hata ikipona itakuwa kiziwi.

Mwambie akurudishie kila kitu alichokitoa. Valvu akisema imekufa, iombe, angalia lile doa. Valvu nyingi hupimwa mbovu kwa sababu ya pini zenye kutu tu, zikisafishwa na kurudishwa kwenye tundu lake zinaamka. Piga picha za ndani kabla hujampa. Na bei mpatane kabla hajafungua, siyo baada.

Ukishaipata nzima, usiichukue wewe kuionyesha kwa washkaji Mpanda. Iweke mbele ya babu saa 3 usiku, mwache azungushe mwenyewe. Yeye anajua mkono unavyotakiwa kwenda taratibu pale kwenye mita 49, wewe umezoea kubonyeza. Akikosa stesheni aliyoizoea, mwulize ilikuwa ikisema nini, na ukae chini usikie. Redio yenyewe hutasikia ikisimulia hayo.

Na wale jamaa wa laki mbili wakirudi, waambie madini yamepimwa tayari. Yameonekana ni bariamu, na mwenyewe anaitumia.

Wenye redio, santuri, pasi za mkaa na mashine nyingine za wazee zinazowasumbua, andikeni. Wiki ijayo tunarudi kwenye mavazi, kuna suruali moja imeingia mjini inatakiwa ijadiliwe. Mpaka hapo, wasalaam, na antena juu!